Meno Yaliyoachia Baada ya Kutafuna: Kisa cha Koni Nne

Lalamiko lenyewe lilikuja kinyume. Watu wengi wanaovaa meno ya bandia ya taya la chini husema meno yanawatoka wakati wa kutafuna. Mama huyu alisema hivi: “Daktari, nikitafuna yanakaa vizuri kabisa, nasahau hata kama ni ya kuvaa. Nikishamaliza, nikitulia nizungumze na watu, ndipo nasikia tik, upande wa kulia umeachia.”

Nilimpa kibunda cha pamba akiume kwa upande wa kulia. Akakiuma kwa nguvu, kisha nikamwomba alegeze taya, tuendelee na mazungumzo. Hatukufika mbali. Tik ilisikika hata kwangu niliyeketi mbele yake, na nilipogusa ukingo wa kulia kwa kidole, meno yaliinuka bila ubishi. Upande wa kushoto yalikuwa yameshika barabara.

Naomba msomaji aishike kauli hiyo ya mgonjwa, kwamba meno yanashika chini ya mzigo na kuachia mzigo ukiondoka. Ndiyo iliyoongoza uchunguzi wote, na nina hakika kwamba laiti ingeandikwa tu “meno yamelegea” kwenye faili, tungeishia kubadilisha vifaa ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Historia yake ni hii. Umri unakaribia miaka 70, na taya la chini halijawa na jino hata moja kwa miaka mingi. Mfupa wa taya ukikosa meno hunywea, na wa chini ndio unaoumia zaidi. Utafiti wa mtaalamu wa meno Tallgren uliochapishwa mwaka 1972 ulionyesha kwamba kimo cha mfupa hupotea katika taya la chini karibu mara 4 ya kinavyopotea katika taya la juu. Ndiyo maana meno ya bandia ya juu humkalia mtu kwa utulivu huku ya chini yakielea juu ya ulimi na mate. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walitamka kwamba kwa taya la chini lisilo na meno, chaguo la kwanza liwe meno ya bandia yanayoshikwa na vipandikizi 2, yaani mizizi ya bandia inayopandikizwa ndani ya mfupa. Yeye aliwekewa 4, vyote sehemu ya mbele ya taya, kati ya matundu mawili ambamo neva za kidevu hutokea.

Mwanzoni meno yake yalishikwa na vifundo vya mviringo vinavyoingia kwenye vipete vya nailoni. Ni njia nzuri, nami naitumia hadi leo. Tatizo ni kwamba nailoni hushika kwa kupanuka na kurudi kila meno yanapovuliwa na kuvaliwa, na kitu laini kinachofanyishwa kazi hiyo kila siku huchoka. Alichoshwa na kurudi kubadilishiwa vipete. Vipandikizi vilikuwa imara, mfupa mzuri, kwa hiyo vifundo viliondolewa na mahali pake zikawekwa nguzo zenye umbo la koni.

Sasa tuingie ndani ya koni yenyewe, kwa sababu bila kuielewa kisa hiki hakieleweki.

Kila kipandikizi kina nguzo ya titani iliyofungwa kwa skrubu. Kuta za nguzo hiyo hazisimami wima. Zinakaribiana kadiri zinavyopanda, kwa pembe ya nyuzi 5. Juu yake huvaa kofia nyembamba ya aloi ya dhahabu yenye pembe ile ile kwa ndani, na kofia hiyo imegandishwa kwa resini, plastiki inayoganda, ndani ya kitako cha meno ya bandia. Mgonjwa akivaa meno yake, kofia 4 zinaziendea nguzo 4. Nyuzi ninazotaja ni kati ya ukuta mmoja na mhimili wa nguzo. Wapo wanaohesabu pembe nzima kati ya kuta mbili zinazokabiliana, na anayeagiza vifaa bila kuuliza ni pembe ipi inayosemwa anaweza kuletewa kitu kingine kabisa.

Yeyote aliyewahi kupachika ndoo moja ya plastiki ndani ya nyingine, akaisukuma kidogo tu, kisha akahangaika kuzitenganisha, ameshaijua fizikia yake. Kofia ikisukumwa chini, ukuta wake wote unakutana na ukuta wa nguzo kwa mara moja. Kofia inatanuka kwa kiasi kidogo mno, inaikumbatia nguzo, na msuguano unaizuia isirudi juu. Sharti ni kwamba tanjenti ya pembe ya ukuta iwe ndogo kuliko kizigeu cha msuguano, yaani namba inayoonyesha metali hizo mbili zinavyong'ang'aniana. Sharti likitimia, nguvu inayohitajika kuitoa kofia huhesabika hivi: chukua kizigeu utoe tanjenti, gawanya kwa kizigeu ukijumlisha tanjenti, kisha zidisha kwa nguvu uliyotumia kuisukuma.

Tuseme kizigeu ndani ya kinywa chenye mate ni 0.12, na mgonjwa amekaza kila koni kwa nyutoni 50. Koni ya nyuzi 4 itahitaji nyutoni 13 hivi ili iachie. Ya nyuzi 5 itahitaji 8. Ya nyuzi 6 itahitaji 3 tu. Uzi mmoja wa pembe, ambao jicho haliwezi kuuona, unapunguza mshiko kwa zaidi ya theluthi, na unaofuata unaupunguza kwa zaidi ya nusu. Na kizigeu kikishuka chini ya 0.105, koni ya nyuzi 6 haishiki chochote. Namba hizi ni za hesabu, kinywa cha mtu kina mambo yake, lakini zinaeleza kwa nini Karlheinz Körber, aliyeendeleza taji za koni huko Ujerumani katika miaka ya 1960, alisisitiza sana usahihi wa pembe. Alizitengeneza zivae juu ya meno ya asili, kwa nyuzi 6 hivi, ili mshiko utoshe kutafunia lakini usiling'oe jino lenyewe.

Ndani ya kipandikizi mna koni nyingine iliyofichika: mguu wa nguzo unaingia kwenye kipandikizi kwa pembe nyembamba zaidi na kukazwa na skrubu. Hiyo ni ya ukoo wa koni aliyoibuni Stephen Morse huko Marekani katika miaka ya 1860 kwa ajili ya kushikilia keekee kwenye mashine, ambayo pembe yake ni nyuzi 1.5 hivi. Pembe nyembamba na skrubu ndizo zinazohakikisha kwamba mgonjwa akivuta meno yake, kinachoachia ni koni ya juu, na nguzo inabaki mahali pake.

Kuna jambo la koni ambalo nalipenda kuliko yote, na ndilo lililokuwa kiini cha kisa hiki. Koni inashika kwa kuzama. Fikiria kwanza nguzo na kofia zenye kuta zilizosimama wima: zikisuguana mpaka ukuta ukapungua mikromita 5 (mikromita ni sehemu 1 ya 1,000 ya milimita), nafasi hiyo imebaki milele na mshiko umepotea. Kwenye koni ya nyuzi 5, ukuta ukipungua mikromita 5, kofia inazama mikromita 57 hivi na kuta zinakutana tena kama mwanzo. Koni inajirekebisha yenyewe. Ila ili izame inahitaji njia. Ndiyo sababu paa la kofia huachwa lisiguse kichwa cha nguzo. Uwazi ule mdogo juu ni akiba ya kuzamia.

Geuza hesabu hiyo upande wa pili, uone ubaya wake. Kitu chochote kikiizuia kofia isifike chini kwa sehemu 1 ya 10 ya milimita, uwazi unaofunguka kati ya kuta ni mikromita 9 tu. Ni uwazi mwembamba kuliko unywele kwa mbali sana. Lakini kuta hazigusani, na kuta zisizogusana hazina msuguano. Mshiko wa koni ile umekwisha wote. Kifundo na kipete chake cha nailoni hata kisipofika mwisho huenda kikashika kidogo. Koni haina cha kidogo.

Kwa hiyo nikikutana na koni iliyolegea, swali langu la kwanza ni: nini kinaizuia kuzama?

Watuhumiwa wa kawaida niliwapitia haraka. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umekaa vilevile ulivyokuwa kuzunguka vipandikizi vyote 4. Skrubu za nguzo nilizijaribu kwa spana ya kupimia mkazo kwa kiwango cha mtengenezaji, na hakuna hata moja iliyosogea. Nguzo mbili za kulia zilikuwa na ugaga kidogo karibu na fizi. Nikausafisha kwa chombo cha plastiki, kwani chombo cha chuma cha pua kinaikwaruza titani, na ukuta wa koni wenye mikwaruzo si koni tena. Ndani ya kofia moja nilikuta utando wa gundi ya meno ya bandia. Alikuwa amejaribu kujisaidia, kama mtu yeyote angefanya. Nikaitoa yote kwa subira kabla ya kupima lolote, maana gundi ndani ya kofia ni kizuizi kwa haki yake yenyewe. Baada ya usafi huo tik iliendelea kama kawaida.

Kipimo kilichofuata ni cha silikoni laini nyeupe, ile inayotumika kukagua mahali taji linapobana. Unapaka kiasi kidogo sana ndani ya kila kofia, mgonjwa anavaa, silikoni inaganda, unatoa na kutazama. Pale kuta zilipogusana silikoni imefukuzwa na dhahabu inang'aa wazi. Pale zisipogusana umebaki utando mweupe.

Kwa mgonjwa huyu nilifanya kipimo mara mbili kwa namna tofauti, na nawasihi wenzangu wafanye hivyo hivyo. Mara ya kwanza aliuma pamba kwa nguvu na kuishikilia mpaka silikoni ikaganda. Kofia mbili za kushoto zilitoka na ukuta unaong'aa pande zote, na silikoni nene juu ya paa kama inavyotakiwa. Kofia ya kulia mbele nayo ilikuwa sawa. Kofia ya kulia nyuma ilionyesha dhahabu upande mmoja tu, na hapo penyewe kwa uhafifu.

Mara ya pili aliuma, akalegeza mara moja, akatulia taya likiwa wazi kidogo hadi silikoni ikaganda. Kushoto hakukubadilika; dhahabu iling'aa vilevile, jambo lililonihakikishia kwamba silikoni yenyewe haikuwa nzito kiasi cha kuziinua kofia. Kofia ya kulia nyuma ilitoka nyeupe yote. Utando haukuwa na tundu hata moja, mwembamba kiasi kwamba rangi ya dhahabu ilikuwa ikionekana kwa mbali chini yake, lakini haukukatika popote. Ya kulia mbele ilikuwa na dhahabu nusu ya mzunguko.

Hapo picha ilikamilika. Akiuma, meno yanashushwa kwenye koni. Akilegeza, kuna kitu kinayasukuma juu, upande wa kulia, nyuma ya koni ya mwisho. Nyuma ya koni ya mwisho hakuna kipandikizi. Kuna kitako na fizi, basi.

Nikapaka silikoni chini ya kitako. Upande wa kushoto ulitoka na utando wa unene unaolingana. Kulia nyuma, karibu na kivimbe cha fizi kilicho mwisho wa taya, silikoni ilikuwa imefukuzwa kabisa na kitako kikaonekana. Na kilichoonekana hakikuwa akriliki ngumu. Kilikuwa kitu laini, cha kubonyea, rangi yake imefifia tofauti na kitako kingine.

“Mama, kuna mtu aliwahi kuongeza kitu chini ya haya meno?”

“Ndiyo, mwanangu. Chakula kilikuwa kinaingia kule nyuma, kinaniumiza. Nikaenda kliniki nyingine wakanipakia kitu laini. Maumivu yaliisha siku ile ile.”

Na ni kweli yaliisha. Sina neno baya juu ya aliyemsaidia, kwa kuwa alichofanya ndicho kinachofanyika kila siku kwa meno ya bandia ya kawaida: fizi imenywea, kitako hakiifikii tena, unajaza pengo kwa bitana laini huku mgonjwa akiuma ili kitako kikae vizuri. Meno ya kawaida hubebwa na fizi, hivyo kadiri yanavyoikalia ndivyo yanavyotulia. Meno yanayoshikwa na koni hubebwa na nguzo. Fizi inatakiwa iguswe, isisukumwe. Mgonjwa alipouma huku bitana ikiganda, fizi ya nyuma ilikuwa imebonyezwa, na bitana ikachukua umbo la fizi iliyobonyezwa. Alipoacha kuuma, fizi ikataka kurudi kwenye unene wake na kukuta nafasi imekwisha kujazwa.

Kwa hiyo pale nyuma palikuwa na springi mbili zilizopangwa juu ya nyingine: fizi na bitana laini. Kila mlo uliziminya, na kofia zikashuka karibu na mahali pake kiasi cha kumpa mgonjwa hisia ya mshiko. Mlo ukiisha, springi zinaanza kujinyoosha polepole. Koni ya kulia nyuma, ambayo haikuwahi kuzama sawasawa, inaachia kwanza. Inayofuata inabaki peke yake kupambana na msukumo ule, nayo inaachia kwa mlio. Tik ilikuwa sauti ya koni ya pili. Ndiyo maana ilichelewa.

Kabla ya kuondoa bitana yote nilitaka ushahidi usio na shaka. Nilikata kipande kidogo cha bitana pale pale silikoni ilipofukuzwa, eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba, bila kugusa kitu kingine. Nikamvisha, nikasukuma kwa vidole viwili juu ya koni za kulia. Mara hii haikulia tik. Ilitoa mlio mzito na mfupi, ambao mtu akishauzoea haupotezi: metali imekutana na metali pande zote. Tukazungumza tena kwa muda mrefu kuliko mwanzo. Meno yalitulia. Mama alijaribu kuyainua kwa ulimi, akashindwa, akatabasamu.

Kisa kingeweza kuishia hapo kwa mtu mwenye haraka. Lakini bitana laini iliyokatwa katikati huanza kubanduka na kuhifadhi uchafu, na pengo lililomfanya aende kutafuta msaada lilikuwa bado lipo. Chakula kuingia chini ya kitako ni kero ya kweli, na haikuwa haki kumrudishia ile ile aliyoikimbia.

Wenzangu wawili niliowaonyesha kisa walikuwa na maoni mengine, na yanastahili kujibiwa. Mmoja alisema tubadilishe koni ziwe za nyuzi 4 ili mshiko uongezeke. Hesabu ya juu inaonyesha kwamba mshiko ungeongezeka kweli, lakini kwa koni zilizozama. Koni ya nyuzi 4 iliyoinuliwa na springi haina mshiko zaidi ya ile ya nyuzi 5 iliyoinuliwa. Isitoshe, kofia na nguzo ni jozi. Kubadilisha pembe ni kubadilisha nguzo zote 4, na kwa mama mwenye viungo vya vidole vilivyoanza kukakamaa, siku springi ikiondolewa meno yangemshinda kuvua.

Mwingine alisema tuzing'oe kofia mbili za kulia na kuzigandisha upya kinywani. Hili lina mantiki zaidi, kwa sababu kugandisha kofia kinywani ndiko kunakofanya mfumo huu ufae: vipandikizi 4 havikai sambamba kikamilifu, na resini inayoganda kofia zikiwa juu ya nguzo inafuta makosa madogo ya maabara. Lakini resini hiyo ingeganda katika hali gani? Kama mgonjwa angekuwa anauma, fizi ingekuwa imebonyezwa, na tungerudi kule kule mara baada ya kulegeza. Kama hangeuma, kofia zingegandishwa kwenye kitako kilichoinuliwa na bitana, mkao wa meno ungebadilika upande mmoja, na bitana ikija kuchakaa mzigo wa nyuma ungehama bila mtu kujua. Tungekuwa tumeificha sababu ndani ya tiba.

Pia kuna wazo ambalo nimelisikia mahali pengine, la kuminya kofia kidogo kwa koleo ili “zibane”. Tafadhali, asifanye mtu. Kofia iliyominywa inagusa nguzo kwa sehemu mbili badala ya mzunguko mzima, inaikwaruza, na hakuna kitu kitakachorudisha pembe yake.

Tulichofanya ni kuondoa bitana yote na kurudi kwenye akriliki ya awali. Nikakagua koni kwa silikoni, safari hii mgonjwa akiwa ametulia, na kofia zote 4 zikatoka na dhahabu inayong'aa mzunguko mzima. Baada ya hapo tu ndipo nikafikiria pengo la nyuma.

Alama ya kujazia ilichukuliwa kwa silikoni nyepesi sana chini ya kitako. Kila nguzo ilivishwa kikola chembamba cha mpira shingoni, ili nyenzo isipande na kuingia ndani ya kofia. Meno yaliwekwa na kusukumwa kwa vidole juu ya koni zenyewe, mbele, mpaka mlio ule mzito ukasikika kulia na kushoto. Kutoka hapo sikugusa nyuma hata kidogo, wala mgonjwa hakuuma. Kinywa kilikaa nusu wazi, ulimi umetulia. Silikoni ikaijaza nafasi kati ya kitako na fizi iliyopumzika, na unene wake ndio ukawa kipimo cha akriliki itakayoongezwa.

Kwenye maabara kuna hatua ambayo fundi asipoizingatia kazi yote inaharibika. Kabla ya kumwaga plasta, nguzo za mfano zinaingizwa ndani ya kofia, nazo lazima zizame kama za kinywani. Nguzo ya mfano ikibaki juu kidogo, modeli itakuwa na uongo wa sehemu ya milimita, na tumeshaona sehemu 1 ya 10 ya milimita inavyofanya. Nilikwenda kuketi na fundi wakati anaziingiza. Alisafisha kila kofia kwa pamba na spiriti, akasukuma, akavuta kujaribu, akasukuma tena. Kwenye ile ya kulia nyuma alisita, akaitoa, akakuta uzi mmoja wa pamba umenasa ukutani. Uzi mmoja. Akautoa kwa kibano na kuendelea. Kwa moyo wote nasema kwamba tabia kama hiyo ya fundi ina thamani kuliko chapa yoyote ya vifaa.

Meno yaliporudi niliyakagua kwa silikoni pande zote mbili, ndani ya kofia na chini ya kitako, mgonjwa akiuma na mgonjwa akiwa ametulia. Kulikuwa na mahali padogo kulia ambapo kitako kilibonyeza, nikapapunguza. Kofia zilitoka safi katika hali zote mbili.

Ugumu uliofuata ulikuwa wa aina nyingine. Kwa miezi aliyokuwa na meno yaliyolegea kulia, mama alizoea kuyavua kwa kuinua kulia kwanza na kuyapindua. Sasa kulia hakuinuki. Koni haipendi kupinduliwa. Inataka kuvutwa kwa kufuata mhimili wake, na kuivuta upande mmoja kunaegemeza nguvu kwenye nguzo ya mwisho na kipandikizi chake. Nilimfundisha kuweka vidole gumba viwili chini ya ukingo, kulia na kushoto, na kusukuma juu kwa pamoja, pole pole, bila kijiko wala kitu cha chuma. Vidole vyake viliteleza kwenye akriliki iliyong'arishwa, kwa hiyo nilichonga kijifuo kifupi kila upande mahali ukucha unapofikia. Alifaulu akiwa bado kwenye kiti. Nikamwomba pia asiyavae kwa kuuma. Ayasukume kwa vidole mpaka yakae, kisha ale, kwa sababu kila anapouma kwa nguvu ya kupita kiasi wakati wa kuvaa anajiongezea kazi wakati wa kuvua.

Kwenye faili na kwenye kadi anayokaa nayo nimeandika maneno ambayo mhudumu yeyote atakayemwona baadaye atayasoma kwanza: meno haya yanabebwa na koni 4 za nyuzi 5, asijaziwe chochote chini ya kitako akiwa anauma, kabla na baada ya kugusa kitako, kagua kofia kwa silikoni mgonjwa akiwa ametulia.

Amerudi kukaguliwa tangu hapo. Skrubu ziko kwenye mkazo wake, fizi za kulia nyuma zimepoa wekundu, na koni 4 zinazama. Chakula bado kinaingia kidogo nyuma kushoto, ambako fizi imeendelea kunywea. Nilimweleza kwamba naweza kujazia kwa utaratibu ule ule, au tuache, aendelee kuvua na kusuuza baada ya kula. Alichagua kuacha kwa sasa, nami nakubaliana naye: pengo lile halimuumizi, na koni za upande huo zinashika.